Mwanasesere Aliyewafundisha Watu Kuokoa Uhai

Bwana Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba taa iliyofunikwa haimsaidii mtu yeyote nyumbani. Mafuta yamo, utambi unawaka, lakini watu wanajikwaa gizani. Ndivyo ilivyo kwa vyombo vingi vya kuokoa maisha ya binadamu. Chombo kipo, kimenunuliwa kwa fedha nyingi, kimetundikwa ukutani. Mtu anaanguka hatua ishirini tu kutoka pale, watu wanamzunguka wakilia, naye anakata roho kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kile kisanduku ukutani ni cha nini.

Wapendwa wasomaji, mwezi huu tumeona vema tuzungumze nanyi juu ya jambo hilo: jinsi kazi ya mikono na akili ya kubuni, yaani kuchonga, kushona, kuchora na kuimba, inavyoweza kuifunua taa hiyo ili watu waone. Tunawafikiria hasa akina mama wa Mbalibali na wenzao wa vijiji vya Serengeti na Tarime, mkoani Mara, ambao wakipatwa na jambo la ghafla usiku hawana gari la wagonjwa mlangoni. Tutaanza na moyo, tutapita kwa mtengeneza vitu vya watoto wa nchi ya Norway, kisha tutafika katika hospitali ya kanisa iliyo hapa hapa nchini kwetu.

MOYO UNAPOSIMAMA GHAFLA

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni mshipa wa damu wa moyo kuziba. Mgonjwa wa namna hiyo hushikwa na maumivu ya kifua na kutoka jasho, lakini kwa kawaida bado yu macho na anaweza kuzungumza. La pili ni moyo kusimama ghafla. Huyu huanguka, haitiki akiitwa, wala hapumui sawasawa. La kwanza laweza kuleta la pili, lakini mtu akifikia la pili, tiba yake huhesabiwa kwa dakika.

Mara nyingi moyo wa mtu mzima aliyeanguka hivyo haujanyamaza kabisa. Unatetemeka tu, kama mkono wa mtu mwenye homa, bila kusukuma damu. Hapo ndipo inapohitajika mashine ya kushtua moyo, ambayo madaktari huiita difibrileta. Mashine hiyo hupitisha umeme kifuani kwa muda mfupi sana, moyo ukaacha kutetemeka, ukapata nafasi ya kuanza upya mapigo yake ya kawaida. Wataalamu wanatuambia kwamba kila dakika inayopita bila msaada wowote hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ubongo nao huanza kuharibika baada ya dakika chache tu za kukosa damu.

Akina mama wenye wana wapenda mpira watakumbuka habari za Fabrice Muamba. Kijana huyu alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akahamia Uingereza na jamaa yake angali mtoto. Tarehe 17 Machi 2012, akiichezea timu ya Bolton huko London, alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji aliteremka mbio kuwasaidia waganga wa timu. Walimkandamiza kifua bila kupumzika na kumshtua kwa mashine mara 15. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Watu wengi walimwombea, na wachezaji walivaa fulana zenye maneno ya kumwombea. Muamba alipona. Hakurudi tena kucheza mpira, lakini anaishi na anawaona watoto wake wakikua.

Miaka tisa kabla ya hapo, Juni 2003, Mwafrika mwingine, Marc-Vivien Foé wa Kameruni, alianguka vivyo hivyo katika uwanja wa Lyon, Ufaransa, akafariki. Tangu siku hizo viongozi wa mpira duniani walianza kusisitiza kwamba mashine ya kushtua moyo iwe karibu na uwanja, na watu wanaojua kuitumia wawepo.

Msomaji wetu atasema, "Hayo ni mambo ya London na Ufaransa. Sisi huku tuna zahanati tu." Ni kweli, na hatutaki kumdanganya mtu. Ukienda mnadani usitegemee kuikuta mashine hiyo imetundikwa kwenye mti. Lakini ngoja kwanza usikie ilivyogunduliwa, maana katika historia yake imo zawadi ya mtu asiye na umeme wala fedha.

ZAWADI YA MIKONO MIWILI

Mwaka 1947, katika mji wa Cleveland, Marekani, daktari mpasuaji Claude Beck aliurudisha kwa umeme moyo wa mvulana wa miaka 14 uliokuwa umesimama wakati wa upasuaji. Kifua kilikuwa wazi na vyuma viliwekwa juu ya moyo wenyewe. Mwaka 1956 Daktari Paul Zoll alionyesha kwamba umeme unaweza kupitishwa nje ya kifua bila kupasua. Mwaka 1965, huko Belfast, Daktari Frank Pantridge aliipakia mashine hiyo kwenye gari la wagonjwa, ikitumia betri za gari. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, karibu na uzito wa gunia dogo la mahindi! Leo mashine ya namna hiyo hubebwa kwa mkono mmoja kama mkoba.

Jambo la ajabu lilitokea katikati ya safari hiyo. Kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na wenzake walikuwa wakiijaribu mashine kwa mbwa. Mwaka 1958 kijana mmoja katika kundi lao, Guy Knickerbocker, aliona kwamba kila vile vyuma vizito vilipokandamizwa juu ya kifua cha mnyama, damu ilisukumwa mwilini hata kabla ya umeme kupita. Wakachunguza wakisaidiwa na Daktari James Jude, na mwaka 1960 wakawatangazia madaktari wa dunia kwamba mtu yeyote, mahali popote, anaweza kuisukuma damu ya mwenzake kwa mikono yake miwili tu.

Tafadhali mama, lione jambo hili vizuri. Watu walikuwa wakitafuta mashine, Mungu akawaonyesha mikono. Mashine huushtua moyo, lakini mikono ndiyo inayoulinda ubongo mpaka mashine au mganga afike. Palipo na mashine, mikono hutangulia. Pasipo na mashine, mikono ndiyo msaada wa kwanza.

Lakini maarifa hayo yangewafikiaje watu wa kawaida? Huwezi kumfundisha mtu kwa kumkandamiza jirani yake aliye mzima, maana utamvunja mbavu na kuudhuru moyo wake. Hapo ndipo anapoingia mtengeneza vitu vya kuchezea watoto.

ÅSMUND LAERDAL NA MWANASESERE ANNE

Katika mji wa Stavanger, Norway, aliishi bwana mmoja aliyeitwa Åsmund Laerdal. Mwaka 1940 alianzisha kampuni ndogo ya kuchapa vitabu vya watoto na kadi za salamu. Baadaye akatengeneza vitu vya kuchezea vya mbao, kisha magari madogo na wanasesere wa plastiki laini. Katika miaka ya 1950 mwanawe mdogo, Tore, nusura afe maji. Baba alimwahi, akamtoa maji yaliyokuwa yameziba njia ya hewa, na mtoto akapona.

Madaktari wawili, Bjørn Lind wa Norway na Peter Safar wa Baltimore, ndio walioleta wazo la kutengeneza mwanasesere mkubwa wa kufundishia watu kumpulizia pumzi aliyezimia. Laerdal alilipokea. Alijua plastiki, na alijua jinsi kitu kinavyomvuta mtu akitazame na kukishika. Hakutaka mfano wa maiti unaotisha. Aliutafuta uso mpole, akaupata katika kinyago cha msichana ambacho nakala zake zilitundikwa katika nyumba nyingi za Ulaya wakati huo. Inasimuliwa kwamba msichana huyo alizama katika mto Seine, mjini Paris, na kwamba hakuna aliyelijua jina lake. Laerdal akampa mwanasesere wake jina la Anne. Mwaka 1960 Anne alikuwa tayari, na mara tu habari za kukandamiza kifua zilipotangazwa, akawekewa springi kifuani ili watu wajifunze na hilo pia.

Tangu hapo mamilioni ya watu katika nchi mbalimbali wamepiga magoti mbele ya Anne. Wanafunzi, madereva, polisi, watumishi wa ndege na akina mama wa nyumbani wamemtikisa bega, wakamwita, wakamkandamiza kifua. Msichana asiyejulikana jina amewasaidia watu wengi wapone. Hotuba nyingi zisingeweza kufanya kazi ile, maana mwanasesere hakuwapa watu maneno ya kukumbuka tu, bali aliwapa mikono iliyokwisha kuzoea.

DAKIKA YA DHAHABU

Sasa turudi nyumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo Mbulu mkoani Manyara, ilianzishwa na wamisionari wa Norway katika miaka ya 1950, na leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Hapo Haydom kazi ya Laerdal, ambayo sasa inaendelezwa na Tore, yule mtoto aliyenusurika majini, ilikutana na shida kubwa ya akina mama wetu: mtoto anayezaliwa asilie.

Kila mama aliyezaa anajua ukimya ule. Mtoto ametoka, mkunga hasemi kitu, na mama analala akisubiri sauti. Watoto wengi wa namna hiyo hawajafa. Wamechoka tu, na wanahitaji mtu wa kuwaanzisha kupumua. Zamani, na mahali pengine hata sasa, walining'inizwa kichwa chini, wakapigwa makofi au kumwagiwa maji baridi. Mambo hayo humdhuru mtoto. Anachohitaji ni kukaushwa vizuri kwa nguo kavu, kupewa joto, kusuguliwa mgongo taratibu, na asipopumua, kupuliziwa hewa kwa mfuko maalumu wenye barakoa ndogo. Hayo yote yaanze ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa. Waalimu wa kazi hiyo huiita dakika ya dhahabu.

Ili kuyafundisha hayo alitengenezwa mwanasesere mwingine, mtoto mchanga aitwaye NeoNatalie. Hujazwa maji ya vuguvugu, akawa na uzito na joto kama la mtoto halisi. Mwalimu akibonyeza vipira vidogo, kitovu chake hupiga mapigo, kifua hupanda na kushuka, na mtoto hulia. Ana rangi ya ngozi yetu. Mkunga anayemshika haoni kitu cha kigeni. Anaona mtoto wa kijijini kwake.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ilianza kuyajaribu mafunzo hayo katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, wa kwanza kati ya waandishi wake akiwa Daktari Georgina Msemo wa Wizara hiyo, yaliwashangaza wengi: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mtaji wa kazi hiyo ulikuwa mwanasesere, mfuko wa hewa, picha za kufundishia, na mkunga aliyejua la kufanya.

HABA NA HABA

Kuna jambo moja la Haydom ambalo tungependa kila kiongozi wa kikundi cha akina mama alisome mara mbili. Mwaka 2010 wakunga wa pale walipata mafunzo ya siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri sana. Lakini walipochunguzwa katika chumba cha kuzalishia, kazi ilikuwa ile ile ya zamani, na vifo havikupungua. Walijua, lakini mikono yao ilikuwa haijazoea.

Mwaka 2011 wakabadili mtindo. Badala ya semina ndefu mara moja, mwanasesere aliwekwa pale pale wodini, na kila mhudumu akafanya zoezi la dakika chache kila juma. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tunaona hapa kwamba pia huokoa mtoto.

Kazi hiyo imeendelea kukua. Chombo kimoja cha kusikiliza mapigo ya mtoto aliye tumboni, kilichotokana na ushirikiano huo, kilipewa jina la Kiswahili: Moyo. Mpango mpana zaidi, uitwao Safer Births, ulipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 jarida mashuhuri la madaktari la Marekani lilichapisha matokeo yake: vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40 hivi, na vifo vya akina mama wazazi kwa asilimia 75 hivi. Mkoa wetu wa Mara haukuwamo katika ile mitano. Ni haki yetu kuuliza katika mikutano ya kijiji na ya kata: wakunga wetu wanafanya mazoezi? Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa upo? Barakoa zake ndogo zipo? Anayeuliza hivyo kwa adabu hamgombezi mhudumu, bali anamtia nguvu.

ALAMA YA MOYO NA RADI

Wenzetu wa nchi zenye mashine nyingi za kushtua moyo wamegundua kwamba kununua si mwisho wa kazi. Mwaka 2012 chuo kikuu kimoja katika mji wa Philadelphia, Marekani, kiliwaomba wananchi wazunguke mjini na simu zao, wapige picha kila mashine watakayoiona ukutani, kwa sababu hapakuwa na orodha kamili ya mahali zilipo. Huko Uingereza, vile vibanda vyekundu vya simu vya barabarani vilipokosa kazi baada ya simu za mkononi kuenea, vijiji vingi viliviweka mashine hizo ndani. Kila mtu anakijua kibanda chekundu, hata mtoto. Basi na mashine ikajulikana ilipo.

Mwaka 2008 wataalamu wa mataifa walichagua alama moja ya dunia nzima: kibao cha kijani chenye moyo mweupe, na ndani ya moyo mna mshale kama wa radi. Tunaomba kila msomaji aishike alama hiyo kichwani na kuwaonyesha watoto. Leo uko Mbalibali, kesho utamsindikiza mgonjwa Dar es Salaam, au mwanao atapata kazi Nairobi, Muscat au Ulaya. Ataiona kwenye uwanja wa ndege au katika jengo kubwa, na huenda yeye ndiye atakayekumbuka.

Wala mtu asiiogope. Mashine za siku hizi zilizowekwa kwa ajili ya watu wote huzungumza. Ukiiwasha, inakuelekeza hatua kwa hatua. Unabandika vibandiko viwili kwenye kifua kikavu kama picha inavyoonyesha, na mashine yenyewe inapima moyo. Isipoona haja ya umeme, haitashtua hata ukibonyeza. Kabla haijashtua hakikisha hakuna anayemgusa mgonjwa.

TUFANYE NINI MBALIBALI?

Hatusemi kwamba zahanati iache kununua dawa za shinikizo la damu ili inunue mashine. La, hasha. Kinga hutangulia. Apime presha kila aliyefika utu uzima. Mtoto anayeumwa koo mara kwa mara apelekwe kwa mganga, maana kuna maumivu ya koo ambayo yasipotibiwa huharibu vali za moyo. Lakini yale ambayo Laerdal aliyafanya kwa plastiki, akina mama wetu wanaweza kuyafanya kwa vitu walivyo navyo.

Binti zetu hucheza na mtoto wa gunzi la mahindi, wakambeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Hakuna anayewafundisha, wanamwiga mama. Basi mama naye ashone mwanasesere mkubwa wa magunia au vitenge vikuukuu, amjaze matambara mpaka awe mgumu, na kifuani aweke chupa tupu ya plastiki yenye kifuniko, ili kifua kikikandamizwa kirudi juu. Mwombeni mganga wa zahanati, au mtu wa Msalaba Mwekundu akipatikana, aje awaonyeshe namna ya kukandamiza. Kisha mwanasesere akae kanisani, na kila mwisho wa mkutano wa akina mama watu watatu wafanye zoezi la dakika mbili. Juma linalofuata, watatu wengine.

Kwaya nazo zina kazi. Kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kila sekunde. Mapambio mengi yenye makofi ya haraka yana mwendo huo huo. Mwalimu wa kwaya achague moja, ahesabu makofi kwa saa, na wote wajue kwamba huo ndio mwendo wa kuokoa. Siku ya hatari mtu husahau hesabu, lakini wimbo hausahau.

Na kanga je? Kwa miaka mingi kanga imesema yale ambayo kinywa kiliona haya kusema. Umoja wa akina mama unaoshona au kuagiza sare unaweza kuchora moyo wenye radi katikati, na jina lake liwe: MOYO UKISIMAMA, MIKONO ISISIMAME. Mwenye kanga hiyo ataulizwa maana yake sokoni na kisimani, naye kila akiulizwa atafundisha.

Kuna sababu mbili zinazotufanya tulisisitize jambo hili kwa akina mama hasa. Ya kwanza ni aibu. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba mwanamke akianguka hadharani, watu wapitao humkandamiza kifua mara chache kuliko wanavyomsaidia mwanamume. Wanaogopa kumgusa. Tukiwa na akina mama wanaojua, dada yetu hatakufa kwa sababu ya haya za watu.

Ya pili ni uchungu mkubwa zaidi. Kifo cha ghafla katika vijiji vya Kanda yetu ya Ziwa mara nyingi hakiishi kaburini. Baada ya matanga huja maneno: nani kamloga? Anayetazamwa ni mjane, au bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Kijiji kinachojua kwamba moyo unaweza kusimama ghafla, na kwamba ni ugonjwa wenye sababu zake, hakitamtafuta mchawi kwa haraka. Elimu hii ina kazi ya kumwokoa mtu aliyeanguka, na ina kazi ya kumlinda yule ambaye angesingiziwa.

ZISHIKE HATUA HIZI

Mtu mzima akianguka ghafla:

1. Hakikisha mahali ni salama, hasa kama kuna waya wa umeme.

2. Mtikise mabega na kumwita kwa sauti. Tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kutweta mara moja moja kama samaki si kupumua.

3. Mtume mtu mmoja, kwa kumtaja jina, akaite msaada na usafiri. Palipo na mashine ya kushtua moyo, mwingine aikimbilie.

4. Mlaze chali juu ya ardhi ngumu, si kitandani. Weka kiganja cha chini katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, ukandamize kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, kwa mwendo wa pambio lenu. Kiache kifua kirudi juu kila mara.

5. Mpokeane kila baada ya dakika mbili, maana kazi hii inachosha. Msiache mpaka apumue au mganga afike.

6. Kwa mtoto, na kwa mtu aliyezama mtoni, lamboni au ziwani, pumzi zinahitajika pia. Safisha kinywa, inua kidevu, mpulizie pumzi tano za kuanzia, kisha ukandamize mara 30 na kupuliza mara 2, ukirudia. Mtoto hukandamizwa kwa kina cha theluthi moja ya kifua chake. Usimzungushe wala kumning'iniza kichwa chini.

Na kwa mama mjamzito: azalie kwenye zahanati au kituo cha afya. Atayarishe kanga mbili safi na kavu, moja ya kumkaushia mtoto, nyingine ya kumfunikia baada ya ile ya kwanza kulowa. Dalili za hatari zikimshika yeye au mtoto mchanga, jamaa wapige simu namba 115, ya mpango wa m-mama, ambayo haitozwi malipo, ili watafutiwe usafiri.

MSAMARIA HAKUPITA KANDO

Katika Luka sura ya 10 tunasoma juu ya watu watatu waliomwona majeruhi njiani. Wawili walipita kando. Pengine nao walimhurumia moyoni, Biblia haisemi. Yule wa tatu alikuwa na mafuta, divai na kitambaa, naye alijua namna ya kuvitumia. Huruma yake ilikuwa na mikono.

Tunasema hivi kwa upole, tukijua kwamba si kila anayekandamizwa kifua hupona. Wengi hawaponi, hata mbele ya mashine nzuri na madaktari hodari, na saa ya mtu i mikononi mwa Mungu. Mama aliyejaribu na ndugu yake akafariki asijilaumu. Ametoa alichokuwa nacho. Lakini wapo wanaopona, nao wamerudi mezani kwa watoto wao kwa sababu mtu mmoja alipiga magoti akaanza.

Basi, akina mama wapendwa, katika mkutano wenu ujao mtafuteni mwenye cherehani, mtafuteni mwenye magunia makuukuu, na mpeni mwalimu wa kwaya saa ya kuhesabia makofi. Kazi hii haihitaji mfadhili, bali inahitaji watu wa kuianza na kuirudia kila juma bila kuchoka. Mungu awabariki, na aitie nguvu mikono yenu.